Mtama wa Mke Mwenzangu

Dagane wangu, nuru ya macho yangu,

Salaam aleikum kutoka Garissa. Miezi miwili ya ndoa, na bado nikitaja jina lako natabasamu peke yangu jikoni!

Ule mtama ulioniletea kutoka kwa mke mwenzangu umeharibika. Gunia nililiweka sakafuni, likanyonya unyevu. Chini kote ni ukungu. Nimetupa nusu, hata mbuzi sikuwapa.

Habibo, mke wako mkubwa, alinionya kwa simu: "Abaayo, dada yangu, uuanike mpaka punje ivunjike kwa meno, uuache upoe, ndipo uufungie kwenye madebe makavu." Nikamwambia sawa, na sikufanya. Sababu unaijua: hata ukila mkate wangu wa anjera unasifu wa Habibo!

Wivu wangu umetumalizia chakula, mpenzi. Ule wa juu, uliosalimika, nimeupepeta na kuuanika. Sasa umo kwenye madebe, juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kwa kuwa wiki hii uko kwa Habibo, huko Hadado, mpe shukrani zangu. La, usimpe! Nitampigia mwenyewe. Wewe maneno yako matamu niletee mimi, yote.

Wako peke yako,
Rukiyo