Usikubali Tena Penisilini, Tata

Tata, baba yangu mpendwa,

Najua karani wa kambi yenu ya chai ndiye atakusomea barua hii, na wenzako watasikia. Wacha wasikie. Mama ameniambia jino linakuuma tena na unataka "sindano ile kali, si vidonge vya watoto." Sindano gani, Tata? Ile iliyotaka kukuua?

Siku ile Kisii mjini, daktari wa meno alikuuliza vizuri kabisa, "Mzee, kuna dawa iliwahi kukudhuru?"

Ukacheka. "Mimi? Dawa itanishinda mimi?"

Nami nimeketi mlangoni na kikapu, najua. Baada ya sindano uliyodungwa zamani kule zahanati ya Marani nilikuona nyuma ya nyumba ukijikuna mgongo kwa gunzi la mahindi, mabaka kila mahali. Lakini kwetu binti ataanzaje kutaja mgongo wa baba yake mbele ya mgeni? Nikatazama viatu vyangu.

Jino likang'olewa, ukadungwa penisilini. Hata hatujamaliza kuvuka soko la Daraja Mbili, ukaanza kusugua viganja.

"Tata, turudi."

"Nyamaza. Ni jino tu."

Jino la upande mmoja, na macho yote mawili yamevimba yakafungika! Midomo imefura, pumzi inapiga filimbi. Ni mama mmoja wa ndizi aliyepiga kelele: "Wewe baba, umetafuna nyuki? Mrudisheni upesi!"

Daktari akakudunga dawa nyingine, jasho likimtoka yeye. Ulipopata sauti akauliza kama sindano iliwahi kukuwasha.

"Kidogo," ukasema.

"Kidogo! Wapi?"

"Marani. Nilifikiri dawa inafukuza ugonjwa."

Kidogo, Tata! Mpaka leo neno hilo linanichoma. Lakini linanichoma zaidi lile ambalo sikulisema. Daktari alinigeukia, "Binti, ulijua?" nikatikisa kichwa kukataa. Nilidanganya. Sasa hata karani anajua.

Ndani ya bahasha kuna karatasi. Upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza: huyu asidungwe penisilini, ilimvimbisha uso na kumbana pumzi. Iweke pamoja na kipande chako, kile kitambulisho. Wakikuuliza ukaona haya, usiseme kitu, wape hiyo tu. Haya zako nazijua, ndiyo maana nimeandika.

Bwana karani, tafadhali, hapo pa penisilini rudia kwa sauti.

Ni mimi binti yako, yule wa mlangoni na kikapu.