Baba Mdogo Ameshaandika Jina Langu Mlangoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana ndiyo mwisho wa kujiandikisha mitihani ya bodi ya uhasibu na mimi bado sijui nichague cheti gani, cha ukaguzi wa hesabu au cha hesabu za gharama. Baba alipofariki nililelewa na baba mdogo na mkewe, mama mdogo. Baba mdogo ni mkaguzi mwenye ofisi yake, na sasa macho yake yamefifia mpaka anasoma karatasi ikiwa imegusa pua, kwa hiyo anataka niwe mkaguzi nimrithi, na juzi nimekuta fundi ameshaandika jina langu mlangoni chini ya lake, rangi imekauka. Lakini mimi nimeajiriwa kiwanda cha sabuni, natafuta kila mche umetugharimu kiasi gani, na naipenda kazi hii mpaka naona haya, majuzi niligundua kisu cha mashine kimelegea ndiyo maana miche inatoka minene, nikaenda kushangilia chooni peke yangu. Ukaguzi niliujaribu likizo moja, nikasinzia mbele ya mteja. Jana mezani nikajikaza, "Baba mdogo, kuna jambo kuhusu mitihani." Akasema, "Sema, mbia wangu." Nikasema mchuzi umekolea. Mchumba wangu anasema nifanye vyote viwili. Nifanyeje?

Wa Sabuni

Wa Sabuni,

Pole. Hilo la chooni limenigusa.

Swali la mtihani umeshalijibu: anayesinzia mbele ya mteja asipewe muhuri wa mkaguzi. Jiandikishe hesabu za gharama. Vyote viwili kwa mpigo, hapana. Mchumba wako hajawahi kuikalia mitihani hiyo.

Unachoogopa ni uso wa baba mdogo, na hapo lazima nikugombeze. Mzee wa watu anapoteza macho, anapanga maisha yake juu yako, nawe unamsifia mchuzi! Kadiri unavyonyamaza ndivyo anavyochelewa kutafuta mbia wa kweli.

Mwambie kesho, nyumbani, mama mdogo akiwepo, kabla chakula hakijaletwa. Usianze na shukrani ndefu, atadhani unataka kuoa. Sema: "Baba mdogo, sitakuwa mkaguzi." Kisha jitolee kumsaidia kupata mkaguzi mwenye leseni wa kuingia naye ubia. Na umpeleke kwa daktari wa macho wiki hii hii. Nashangaa hakuna aliyewaza hilo kabla ya kumwita fundi rangi.

Atanuna. Wewe mpe shikamoo yake kila asubuhi, hata kama haitikii. Ataitikia.