Mtu wa Kulia Kabisa

Toledo, Ohio
12 Machi 1989

Kwa Baba mdogo Ozell,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti bado linakubeba. Sisi huku hatujambo, ila baridi haijataka kuondoka. Mama anakusalimu. Macho yake yanazidi kufifia. Daktari anasema kufika majira ya joto huenda akawa anaona mwanga tu.

Ndiyo sababu nakuandikia. Maktaba ya jiji inaandaa maonyesho ya timu yenu ya besiboli, Vipanga wa Toledo: magongo, glavu zilizokauka, tiketi, jezi moja iliyoliwa na nondo, na ile picha ndefu ya timu nzima ya kufungua msimu wa 1949. Waliipata kwenye duka la mpiga picha lililofungwa, wakanipa nakala. Unajua yale maji yaliyoingia chumba cha chini yalivyotumaliza. Sikuwa na picha hata moja ya Baba akiwa na jezi. Zote nilizonazo ni za kanisani na kiwandani, na katika zote amekunja uso kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Sasa nimempata. Yupo kulia kabisa, kofia imeshuka machoni, na chini wameandika jina lake, Cleotis Merriweather. Wewe uko kushoto kabisa. Nimeitundika kando ya kitanda cha Mama. Kila jioni anaipapasa mpaka ile ncha ya kulia, kisha anaibusu.

Wewe ndiye pekee uliyebaki kati ya wote wale. Nieleze alivyokuwa siku hiyo. Alikuwa na furaha? Nimekaa naye chini ya paa moja mpaka nikaolewa, na sijui kama mtu yule alipata kucheka.

Mwanao,
Arletha


Mobile, Alabama
21 Machi 1989

Mwanangu Arletha,

Marahaba. Mimi mzima, goti bovu, na dada yangu Eula ninayeishi naye bado ananipikia mboga bila kipande cha nyama, eti ni amri ya daktari. Daktari huyo simjui, na sidhani kama Eula anamjua.

Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nivumilie nikiandika kama ninavyosema.

Itazame tena hiyo picha. Tazama mtu wa kushoto kabisa, masikio yale kama milango ya gari iliyoachwa wazi. Haya, sasa nenda kulia kabisa. Tazama masikio. Umeona? Mwambie bwana wa maktaba kwamba Vipanga hawakuwa na mapacha. Wa kushoto ni mimi. Wa kulia ni mimi pia.

Kamera ile ilikuwa ya miguu mitatu, inajizungusha yenyewe polepole kama bundi anayegeuza kichwa. Ikishakupita, uko huru. Iliponipita, niliinama nikatoka mbio nyuma ya mstari, nikasimama upande wa pili kabla haijafika. Mdakaji wetu mnene alinipiga teke nikipita. Siku hizo nilikuwa na mbio, mwanangu; leo naona kazi kufika chooni.

Sababu yake ni Bwana Tolliver, mwenye timu. Alikuwa pia na nyumba ya mazishi, kwa hiyo alitutazama wote kama wateja wa baadaye. Picha ile ndiyo iliyochapwa kwenye mabango ya kila mji tuliokwenda kucheza, na sheria yake ilikuwa moja: asiye kwenye picha hayumo kwenye timu. Sasa kamera imeshaanza kuzunguka, baba yako akaondoka mstarini. Likabaki pengo. Nikaliziba.

Na kuhusu mama yako Lucinda: zamani, kabla baba yako hajamwoa, nilimwomba busu moja tu nyuma ya kanisa. Akaniambia afadhali abusu punda. Leo nasikia ananibusu kila jioni bila kuombwa. Usiwe na haraka ya kumwambia.

Ba'mdogo wako,
Ozell


Toledo
30 Machi 1989

Kwa Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira, lakini naona haitoki, basi iandike yenyewe.

Wewe unacheka. Mimi nilishampa mama yangu uso wa mumewe, na sasa unaniambia uso ule ni wako. Sijamwambia. Jioni ananiita nisogeze taa, nami nasogeza taa.

Na Baba akaondoka. Wenzake wote wamesimama, wewe unahangaika kumfichia, yeye anakwenda zake. Ndivyo alivyokuwa. Hata siku nilipomaliza shule alitoka ukumbini kabla jina langu halijaitwa, eti zamu ya kiwandani inamngoja. Nilidhani zamani, angalau mahali pamoja, alipata kutulia na watu wake.

Tafadhali usiniandikie mzaha mwingine. Mama akishindwa kuona, basi, hatakuwa amemwona tena.

Arletha


Mobile
2 Mei 1989

Mwanangu Arletha,

Hujambo? Na Mama, anaendeleaje na macho? Sisi huku wazima.

Umenikataza mzaha na nitajitahidi. Hata "mwanao" hukuandika chini ya barua. Nilirudi kutafuta nyuma ya karatasi, labda imehamia huko. Mwezi mzima nimekuwa nikianza jibu hili na kulichana. Eula amesema nikichana karatasi nyingine nitalala kibarazani na mbwa.

Nilikwambia baba yako aliondoka, sikukwambia alikwenda wapi, kwa sababu nilidhani unajua. Nilidhani ni hadithi anayoisimulia mezani kila mwaka mkikata keki yako. Kumbe Cleotis alikwenda nayo kaburini. Mtu yule ungemkamua ukapata jasho, maneno usipate.

Siku ile ilikuwa tarehe nane Mei. Ndiyo, hiyo hiyo. Kamera imeanza, tumeganda kama sanamu, akatokea Bi Hattie, jirani yenu, kwenye lango la upande wa kulia, anapunga aproni.

"Wewe Merriweather, Lucinda ana uchungu. Mtoto hasubiri mchezo wako."

Bwana Tolliver na yeye alikuwa mstarini, kwa hiyo akanguruma bila kutikisa midomo: "Ukitoka hapo usirudi."

Arletha, baba yako aliitamani jezi ile tangu anavaa kaptula. Nilidhani atafikiri kidogo. Mimi ningefikiri kidogo. Yeye alikuwa ameshatimka. Akageuka huku anakimbia: "Ozell, kasimame pale kwangu!" Nikasimama, na sheria ya Tolliver ikamfunga mwenyewe: picha haikuwa na pengo, Cleotis akabaki kwenye timu.

Kamera nayo haikuambiwa mstari unaishia wapi. Ikaendelea. Mpiga picha akaikata ile ncha kabla ya kumpelekea Tolliver picha zake. Alisema amelipwa kupiga timu, hakulipwa kupiga mtu anayetoroka. Lakini moja haikukatwa. Niliipata kwa chupa ya wiski, na nusu ya chupa tuliinywa pamoja.

Nimeihifadhi ndani ya mlango wa kabati langu la nguo. Kila asubuhi nikitafuta soksi, yupo, anakimbia. Nimezeeka, kichaa yule hajazeeka. Kwa hiyo posta haijachelewa, nimechelewa mimi. Nimeibandua jana, na mlango umebaki na alama nyeupe ndefu ambayo Eula anataka kuipaka rangi. Nimemkataza.

Imo ndani ya makopo haya mawili ya uji wa oti niliyoyaunga kwa gundi. Ikunjue taratibu. Wapite watu wote, yapite masikio yangu kwa mara ya pili, uende mpaka mwisho wa karatasi.

Ba'mdogo wako, ukinikubali,
Ozell


Toledo
8 Mei 1989

Kwa Baba mdogo wangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba Shangazi Eula amekuacha ulale ndani. Makopo yamefika leo asubuhi, yamebonyea upande mmoja. Picha haijaumia.

Niliikunjua juu ya kitanda cha Mama, nikaikandamiza kwa Biblia huku na kopo la sukari kule. Nikawapita watu wote. Nikakupita wewe. Kisha nyasi tupu. Kisha Baba.

Mguu mmoja hauko chini. Mkono umeshika kofia isiruke. Amegeuka kukutazama na anacheka, Baba mdogo, meno yote nje, hata lile pengo nililodhani ni la uzee lipo. Ninyi wote mmetoka vizuri, mmenyooka. Yeye ana ukungu kidogo pembeni, kwa sababu ya mbio. Nimeketi namtazama mtu huyo anayecheka, na anakuja kwangu.

Nilimpa Mama kioo cha kukuzia, nikasogeza taa. Alikaa nayo sana mpaka chai yake ikapoa. Akasema, "Huyu ndiye aliyeingia mlangoni. Na vile viatu vya misumari, akanitobolea zulia." Miaka yote alidhani picha ilikwisha kupigwa ndipo akaja. "Mbona hakusema?" akaniuliza, halafu akajijibu mwenyewe: "Angesemaje, Cleotis yule."

Ndipo nikamwambia alikuwa akimbusu nani. Nilidhani atalia. Akasema, "Masikio yale. Nilijua kuna jambo."

Maktaba wanaichukua nakala nzima, na jina lako wataliandika mara mbili. Mwezi wa sita nitakuja Mobile mwenyewe na nakala ya kubandika kwenye mlango wako. Mwambie Shangazi asipake rangi.

Jioni hii Mama ameipapasa picha mpaka ncha, akambusu Baba. Kisha akarudisha kidole nyuma, taratibu, kwenye nyasi, mpaka kwa mtu wa kulia kabisa, akakubusu na wewe. Ameniagiza nikuandikie kwamba busu hili hakukosea. Ni la kusimama kwako mahali pa Baba.

Mwanao,
Arletha


Mobile
15 Mei 1989

Mwanangu,

Wazima sote. Leo sina mzaha.

Mwambie Lucinda limefika.

Ba'mdogo wako,
Ozell