Kamba Zilizoning'inia Nyuma ya Mlango wa Magazini

Mwaka mzima umetimia leo, Tata Tshiamala Polycarpe, tangu ulipotutoka Jumanne ile asubuhi, hapa hapa Kolwezi, chai yako ikiwa bado mezani. Tulidhani umesinzia. Mama Bilonda alikufunika miguu kwa kitenge usipate baridi, ndipo akaona.

Wengine hukumbukwa kwa nyumba walizojenga. Wewe hukujenga. Ulikuwa gérant, msimamizi wa magazini, duka la kampi ya kampuni ya migodi, miaka kumi na tisa, na hiyo ndiyo nyumba tunayokukumbukia. Aliyeingia ulimwita kwa jina lake na la mama yake. Unga wenye vijiwe uliuchekecha mwenyewe kabla ya kufungua mlango. Bibi mzee ulimpa kiti chako, nawe ukapima chumvi umesimama.

Na zile kamba. Akina mama walikuwa mashambani, hawana nafasi ya kupanga mstari na watoto siku lori la viatu vya shule linapofika. Basi mtoto akitumwa sabuni ulimpima: kamba chini ya unyayo, fundo kisiginoni, fundo kwenye kidole gumba, na kipande cha kitenge cha mama yake kiwe alama, usije ukakosea. Kila mwaka fundo jipya lilisogea mbele ya lile la zamani. Kamba mia na zaidi zilining'inia nyuma ya mlango. Lori likija, viatu vya kila mtoto vilikuwa vinamngoja. Wanasema ulimtazama Mama Ndaya akiwa na mimba ya miezi sita, ukaweka kando namba kumi na nane, na binti yake Joyeuse alipoanza kutembea vikamkaa sawasawa. Hapo labda tumetia chumvi. Kidogo tu.

Shemeki wako Ngoy, mdogo wake Mama Bilonda, alishusha magunia katika magazini hiyo hiyo, na alikuonea wivu. Tunalisema kwa sababu mwenyewe ametaka lisemwe. Mahindi ya kwanza ya kila shamba yaliletwa kwako. Alinunua kofia kama yako, akachomeka kalamu sikioni kama wewe. Jumapili moja, kutoka kanisani mpaka nyumbani, alihesabu salamu: arobaini na moja zako, tatu zake, na moja katika hizo tatu ilitoka kwa mtu aliyedhani ni wewe. Akakata shauri kwamba hakuna mtu anayependwa hivi bure. Dawa ipo, na dawa ni zile kamba.

Ukaja mwaka ule wa kufukuzana. Kampuni ilikuwa inaanguka, mishahara haionekani, na waliotafuta mtu wa kulaumu wakawageukia ninyi wenye asili ya Kasai, hata wewe uliyezaliwa Kolwezi. Mlilala majuma matatu kwenye stesheni mkingoja treni, wewe na watoto wako Kabedi na Stany. Mama Bilonda angeweza kubaki, yeye ni wa huku. Alijibu kwamba aliyemfukuza mume wake amemfukuza na yeye, akajitwika godoro.

Ngoy alikuja stesheni. Hakuja kuaga, alikuja kuchukua funguo, kwani nafasi yako alipewa yeye. Ulimpa bila kuombwa.

"Shemeki, funguo njo hii," ulimwambia. "Ile kamba iko nyuma ya mulango. Uangalie miguu ya batoto."

Aliitika, akazitia funguo mfukoni. Siku hiyo hiyo, kabla hata ya kukikalia kiti chako, alizitia kamba zote kwenye mbabula, jiko la makaa, pamoja na konzi ya chumvi, kama anavyochoma mtu uchawi wa jirani. Zikawaka vizuri. Kisha akakaa kitini, akangoja kupendwa.

Septemba lilifika lori la mwisho. Akina mama wakaja bila watoto kama walivyozoea, kila mmoja akiulizia kamba ya mtoto wake. Hapo ndipo Ngoy alipojua alichokichoma. Akajibu kwamba panya wamezila. Watoto walivaa kwa kubahatisha; wengine walikatiwa viatu kwa kisu ili vidole vipumue. Mama Ndaya alimrudishia viatu vya Joyeuse juu ya meza.

"Tata Ngoy, weye uko na kiti. Gérant alienda na treni."

Kila alipoulizwa tena, panya walikua. Kufikia Krismasi walikuwa wakubwa kama mbuzi.

Uliporudi baada ya miaka kumi na miwili, ukiwa na mvi na fimbo, swali lako la kwanza lilikuwa juu ya kamba. Akakupa panya wale wale. Ulicheka mpaka machozi.

"Bale bapanya balikuwa na njaa kupita siye ya mu treni," ulisema.

Baada ya hapo angekwambiaje? Na wivu haukuisha. Ukipita mtaani Kasulo, wanaume wenye ndevu walikusimamisha wakuonyeshe miguu yao. Ngoy alikuwa pembeni, na fimbo yake mpya.

Hapakuwa na panya, shemeki. Hukuambiwa ukiwa hai. Unaambiwa leo, mbele ya wote wanaosoma.

Ulipofariki, Ngoy ndiye aliyetumwa sokoni kukununulia viatu vya kuzikiwa. Muuzaji akamuuliza namba. Hakuijua. Mama Bilonda naye hakuijua, kwani siku zote ulijinunulia mwenyewe. Akarudi nyumbani, akafungua kamba ya gunia la unga, akapiga magoti miguuni pako. Fundo kisiginoni, fundo kwenye kidole gumba. Mama Bilonda alichana kipande cha kitenge kile alichokufunikia, akamkabidhi akifunge kwenye kamba.

Viatu vilikukaa. Waliokusindikiza walijaa barabara nzima. Ngoy alianza kuwahesabu, akaacha.

Kamba yako inaning'inia nyuma ya mlango wake. Namba arobaini na mbili. Panya hawajaigusa.

Wanaokukumbuka: mkeo Mama Bilonda, watoto wako Kabedi na Stany, wajukuu wako Tina na Dodo, shemeki wako Ngoy na mkewe Stéphanie, na watoto wote wa kampi uliowavisha.

Kwetu hutasahaulika, Tata, leo wala kesho.