Maumbo Tisa ya Unga Mweupe

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na Mama pia. Mimi mzima, ila baridi ya huku chuoni ughaibuni inanigonganisha meno.

Umeuliza nikueleze kazi yangu, maana wateja wako wa saa wanakusumbua kwa maswali. Nina unga mweupe wa jamii ya asidi amino, vile vijenzi vilivyomo kwenye nyama na mayai. Naupasha moto taratibu hadi uwe mvuke, naupuliza ndani ya chombo cha chuma kisicho na hewa, kisha naumulika. Chembe zake hujikunja, na kila mkunjo humeza mwanga wake. Kompyuta nayo inakisia maumbo yanayowezekana na mwanga ambao kila moja lingemeza. Imenipa tisa. Kazi yangu ni kulinganisha mpaka nijue lipi ndilo lenyewe.

Halafu unga huu ni binamu wa vidonge vyako vya kutetemeka! Mkono unaendeleaje?

Binti yako

1 Machi

Mama yangu mdogo,

Marahaba, binti yangu. Sisi tupo, tunasukuma siku. Kwenye simu sisikii vizuri, ndiyo maana barua zako nazisoma mara tatu.

Mkono unacheza ngoma bila kualikwa. Jana niliangusha springi ya saa ya mteja mmoja, mwalimu, tukaitafuta sakafuni kwa magoti mimi na yeye mpaka tukagongana vichwa. Lakini sina wasiwasi tena. Nimewatangazia wote kwamba binti yangu anapika dawa, na ikiiva wa kwanza kuionja ni mimi. Lini?

Baba yako, Fundi Saa

20 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Mimi mzima wa mwili tu. Nimepima miezi miwili, na mwanga unaomezwa haulingani na umbo hata moja kati ya yale tisa. Profesa anasema nianze upya.

Kuhusu dawa, vumilia kidogo.

Binti yako

15 Mei

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Usiucheke mwandiko, nimeshika kalamu kwa mikono miwili.

Vidonge vya hospitali vinanichafua tumbo. Wiki ya tatu hii nimeviacha, ili dawa yako inikute msafi. Hata saa siipaki mafuta ya aina mbili kwa pamoja. Mama yako hajui, anadhani nameza. Usiniumbue. Nikikaa siinuki peke yangu, lakini wewe usiharakishe, fanya kazi safi.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Rudi kwa daktari leo hii, umwambie ukweli, uanze tena vidonge.

Mimi sitengenezi dawa. Sijawahi. Natazama tu chembe inavyojikunja. Nilifurahi kusikia unanisifia kwa wateja, nikaogopa kukuharibia furaha, nikanyamaza. Hata hayo maumbo nimekosea: niliupasha unga moto mkali mno ukageuka kitu kingine, na miezi yote nilikuwa napima nisichokijua.

Simu ya Mama haipatikani. Nijibu hata kwa neno moja.

Binti yako

9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo. Simu iliingia maji.

Barua yako ilimkuta baba yako kitandani, mwili umekakamaa, sauti hana. Daktari alikuwa ameniuliza kama anameza vidonge, nami nikaapa mbele yake kwamba anameza. Baba yako alipoiona bahasha, macho yalimng'aa. Nikamsomea salamu. Nilipofika pale unaposema amwambie daktari ukweli, niliacha kusoma kwa sauti. Niliendelea kimoyomoyo, kisha nikaikunja. Nikamwambia umeandika kwamba dawa imekamilika, inakuja kwa posta.

Nilimkimbilia daktari siku ileile. Alisema kuviacha vidonge ghafla ndiko kulikomkakamaza, na tumechelewa. Siku nne baba yako aliutazama mlango. Tulimzika Alhamisi.

Vidonge nimevikuta kwenye kopo la skrubu za saa, limejaa mpaka mdomoni.

Wateja wake waliokuja mazishini waliniuliza dawa yako ilikwama wapi. Nimewaambia posta.

Mama yako