Wimbi Lisilomwacha Mwenyewe

Mwalimu,

Tangu tukuzike hapa Kikima, nyumba yako imepata mgeni ambaye nilimshuku alipokuwa bado anashuka kwenye pikipiki. Koti jeupe la maabara, kisanduku chenye taa ya buluu. Siku iliyotangulia, mimi sipo, alikuwa amemwambia Mama Mwende, mjane wako, kwamba kila mwili una mawimbi, na kwamba yako bado yanasafiri. Kisanduku kingeyanasa, asikie sauti yako. Malipo ni ng'ombe wa maziwa.

Mama Mwende alinipigia simu nikiwa Mukuyuni kwenye kazi yangu ya gazeti. Hakuomba ushauri. Alitaka nije nimshikie ng'ombe, maana ng'ombe huyo hazoei wageni. Nikajua ameshaamua.

Kilichonisumbua ni kwamba nusu ya maneno ya yule jamaa ni kweli. Wewe mwenyewe ulitufundisha pale shuleni Tawa kwamba kila chenye uzito kina wimbi lake: elektroni, jiwe, hata mwanafunzi mvivu. Ulikuja darasani na kamba ya ng'ombe huyuhuyu, ukaitikisa, huku nyumbani Mama Mwende akimfukuza ng'ombe kwenye mahindi ya jirani. Kisha ukaiangusha. "Mwanga hauhitaji kamba. Hupita hata mahali patupu, na hapo wote una kasi moja." Wimbi la maada, yaani la vitu vyenye uzito, halina kasi moja. Urefu wake hutegemea uzito wa kitu na mwendo wake. La mtu anayetembea ni fupi mno, hakuna chombo cha kulipima.

Basi mgeni aliporudi kuchukua ng'ombe, nikamuuliza, polepole, mawimbi ya Mwalimu yanaenda kwa kasi gani.

"Ya mwanga, mzee. Kama simu tu."

"Na ya elektroni?"

"Ni hiyo hiyo. Wimbi ni wimbi."

Hapo nikamgeukia Mama Mwende. Mwanga ukishatoka kwenye taa, nilimwambia, unaendelea hata taa ikizimwa. Wimbi la maada halitoki mwilini likaenda zake. Linaonyesha tu mahali chembe inapoweza kupatikana. Haliwezi kunaswa sebuleni na mwenyewe yuko kaburini.

"Huyu ni mtu wa magazeti," mgeni akasema. "Kazi yake ni kuharibia watu."

Mama Mwende hakumtazama. "Kwa hivyo hakuna kitu yake inaenda?"

Sikutaka kumdanganya hata kwa huruma. Nilisema mwanga uliogonga shati lako wewe ukiwa uani, sehemu yake ilipanda juu, na huo bado unaenda. Hakuna wa kuurudisha. Anayesema anaweza, anatafuta ng'ombe.

Mama Mwende aliinuka akafungua mlango.

"Basi wacha uende," alisema. "Na wewe kijana, chukua sanduku yako."

Nasikia sasa yule mgeni ameonekana upande wa Kitui, kwenye nyumba nyingine yenye msiba. Kesho nakwenda huko, na nitamuuliza swali lilelile mbele ya wenye nyumba.

Pumzika, Mwalimu. Ng'ombe yuko zizini, na kamba yako nimeifunga mwenyewe.