Jina la Mama Mlangoni Malaba

Dada yangu mpendwa,

Uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Natumaini u mzima huko Kitale. Amoit, binti wa marehemu kaka yetu, amefungua kibanda cha uji hapa Malaba, kando ya foleni ya malori. Unga wa wimbi anauchachusha na kuukaanga kama alivyofanya Mama. Harufu yake ilinisimamisha mlangoni.

Anataka kukiita kibanda Akiru, jina la Mama. Alichovya kidole katika uji akaupaka mlango, kama tunavyompaka mtoto mchanga mdomoni tukimpa jina la marehemu wa ukoo; akilamba, amelikubali.

"Mtoto amekubali, baba mkubwa," akasema akikionyesha kibanda. "Umebaki wewe."

Dereva mmoja Mganda akacheka: "Mzee, kubali basi, uji unapoa!"

Nilimwomba Amoit anipe siku chache. Nahofia jina la Mama kuitwa kwa kelele na wapita njia wasiomjua. Hata hivyo, tangu tumzike sijamsikia mtu akiliita, nami nina hamu kubwa ya kulisikia.

Jifunike vizuri, baridi ya huko ni kali. Nikishaamua, nitakuandikia wewe kabla sijamwambia Amoit.

Kaka yako